Kigingi Aliyeng'oka

Jumamosi, tarehe 3 mwezi wa pili

Kaka,

Kuna jambo sijamwambia mtu. Si mama, si yule ninayekaa naye dawati moja, si hata Mungu kwa sauti. Siku ile kwenye njia panda, niliposema "nimemwona baba, twende," sikuwa nimemwona. Sikugeuza hata shingo.

Basi, limetoka. Nimekaa kitambo nikilitazama kama mtu anayetazama jino lake mwenyewe kiganjani.

Nilijaribu kwanza kukuandikia kwa ile lugha ya shuleni. Ilitoka nzuri mno. Kule kila kosa lina neno lake safi, unalichagua kama soksi, na mwalimu angeniwekea alama ya vema chini. Nikaichana. Kwa lugha ya nyumbani maneno yananitazama. "Nilidanganya" nikiliandika hivi, nalisikia kwa sauti ya mama.

Sheria ya chama chetu cha pikipiki unaijua kuliko mimi, lakini acha niiandike, maana nikiiruka nitaruka na mengine. Msafara ukifika mahali pa kukata kona, anayekata anasimama pale pale na taa yake inawaka. Huyo ndiye kigingi. Haondoki mpaka aone taa ya anayemfuata. Huyo naye akifika, anasimama kumngoja wa nyuma yake. Na wewe ukifika njia panda usikute kigingi, maana yake hapo hapana kona, nenda moja kwa moja. Siku ile baba alikuwa Mkia, wa mwisho kabisa. Mbele yake ulikuwa wewe, na mimi nimekaa nyuma yako. Kigingi cha baba kilikuwa sisi.

Tulisimama. Mvua ilikuwa imeanza, ile ya matone makubwa machache, kama inajaribu barabara kwanza. Ukauliza, "Kimya, unamwona?" Na mimi, Kaka, nilikuwa nimeingia kwenye siku zangu tangu tulipotoka kituo cha mafuta. Haya, na hilo nimeliandika. Suruali yangu ilikuwa ya kijivu. Nilitafuta sweta nijifunge kiunoni, halipo, sikujua limedondoka wapi. Kichwani nilikuwa naona ule mgahawa wa kupumzikia tu. Tukichelewa, watu wote watakuwa wameshakaa barazani na chai zao, wanatazama wanaoingia, na mimi ndiye nashuka. Tukiwahi, watakuwa bado wanahangaika na helmeti, nitakimbilia chooni bila mtu kuniona. Shangazi Katibu ningeweza kumwambia, lakini yeye alikuwa mbele kabisa. Nilihitaji dakika tano. Nikasema nimemwona.

Baba akafika pale, hakukuta mtu. Akaenda moja kwa moja kama sheria inavyosema. Kilomita mbili mbele barabara ilikuwa imechimbwa wapitishe kalavati, na hawakuweka hata tawi la kuonya. Mgahawani sisi tulikuwa tunahesabiana: kumi na saba, mbona kumi na saba, hesabu tena.

Siku ya mazishi mama alikuambia mbele ya watu, "Ulimwacha baba yako." Mimi nilikuwa nimeshika mkono wake wa kushoto. Mdomo nilikuwa nao. Wiki ya tatu ukafunga begi ukaenda kutengeneza magodoro kwenye mji ambao hata basi la moja kwa moja haliendi.

Hii sitaituma. Nimeiandika ili angalau karatasi moja duniani ijue.

Mdogo wako,
Kimya


Jumamosi, tarehe 3 mwezi wa pili

Kaka,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ila mimi hesabu zimenikalia vibaya. Najua ungependa nipige simu, lakini mimi kwenye simu nanyamaza mpaka unauliza "umekata?" Na ukuta wa chumba changu unaujua, mama akiwa jikoni anasikia hata nikifunga kitabu.

Presha yake inapanda na kushuka. Kliniki ni kila Alhamisi, na chama wamepanga zamu ya kumpeleka. Lakini alishaapa hatapanda pikipiki tena maisha yake, basi wa zamu anazima injini, anaisukuma kando yake mpaka kliniki, anamngoja, anaisukuma mpaka nyumbani. Juzi ilikuwa zamu ya Mwashi, na ile pikipiki yake nzito kama ng'ombe. Walipofika kwenye mwinuko wa shule jasho linamtiririka. Mama akamwambia, "Baba, si uwe unaiacha kwako hiyo, tutembee tu?" Mwashi akasema, "Mama, zamu ni zamu. Bila pikipiki nitaonekana nimetoka matembezi na mjane wa watu, na mke wangu ana macho." Mama alicheka. Nimeandika tarehe kwenye kalenda, kwa penseli.

Nataka kukuuliza kitu. Uliingia chama kwa nini? Faida yake uliiona nini? Nauliza tu.

Njoo likizo.

Mdogo wako,
Kimya


Jumatatu, tarehe 19 mwezi wa pili

Kimya,

Marahaba. Barua yako ilikaa siku nne kwa mlinzi wa getini, alikuwa ameifanya alama ya kurasa kwenye daftari lake la wageni. Mimi mzima. Tunatoa magodoro mia mbili na arobaini kwa siku na sina hakika kama nimelala saa nne mfululizo tangu nifike. Wenzangu wanasema nikifa niandikwe, hapa amelala fundi magodoro, hatimaye.

Mwashi amekonda? Mwinuko ule hata kwa injini unahema.

Umeniuliza habari ya chama. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, baba akanipeleka kwa mkono kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikapewa kizibao, nikapewa jina la Spana, nikaambiwa kuanzia leo barabarani hauko peke yako. Na ni kweli. Tairi ilipasuka usiku porini, wakaja watatu, mmoja na sufuria ya wali. Nilipougua, Shangazi Katibu aliacha cherehani yake akanifulia shuka. Kwa hiyo sikudanganyi nikuambie hakina faida. Chama ni kama wavu. Faida yake yote iko kwenye kutotoboka, na palipotoboka ni mimi. Usinishawishi nirudi. Wavu hauniulizi mimi nimejisikiaje, unauliza samaki yuko wapi.

Kuna jambo jingine, na hili libaki kwako. Kampuni inafungua kiwanda ng'ambo ya mpaka, wanataka wasimamizi watatu. Mkataba ni miaka mitatu, na mwaka wa kwanza hakuna ruhusa ya kurudi nyumbani. Wamenipa mpaka mwisho wa mwezi wa tatu nisaini. Naona nitasaini. Kule hakuna anayenijua, nitakuwa mtu wa magodoro tu.

Mama huwa ananitaja? Usimwambie nimeuliza.

Kaka yako


CHAMA CHA WENYE PIKIPIKI
Ofisi ya Katibu
Tarehe 6 mwezi wa tatu

Kwa familia ya marehemu fundi saa.

YAH: KIKAO CHA WANACHAMA

Mnaarifiwa kuwa kikao kitafanyika Jumapili, tarehe 14 mwezi wa nne, saa nne asubuhi, kwenye uwanja wa karakana. Ajenda ya tatu inamhusu mwanachama anayeitwa Spana. Kwa mujibu wa katiba yetu, kigingi aliyeng'oka hukaa nje mwaka mzima, kisha huweza kurejea akifika na kueleza mwenyewe yaliyotokea. Asipofika wala kuleta neno, jina lake hufutwa kwenye daftari.

Nawasilisha.
Katibu

(nyuma ya karatasi)

Mwanangu Kimya, huko mbele nimeandika kama karani, huku nyuma naandika kama shangazi yako. Kaka yako barua zangu hajibu. Tatu nimetuma. Wewe anakujibu, kwa hiyo nakupa wewe mzigo, unisamehe.

Kuna kitu nimekaa nacho mwaka na zaidi. Siku ile nilifika pale kwenye mtaro mapema kuliko mama yako. Ndani ya koti la baba yako, kifuani, palikuwa na sweta la kijani la shule. Amelikunja mara nne, kama alivyokuwa akikunja kile kitambaa chake cha kufutia saa, ili lisilowe. Nililitambua, kiwiko nilikitia kiraka mimi kwa mkono wangu. Nikalitoa, nikalificha chini ya mashine. Nilisema mtoto huyu asije akabeba kitu kisicho chake. Lakini sasa naona aliyebeba ni kaka yako, peke yake, na mimi ndiye niliyemtwika.

Mwambie hivi. Baba yenu alikuwa nyuma kwa sababu alisimama kuokota sweta njiani. Spana asingeweza kujua. Taa aliyodhani ameiona ilikuwa ya mtu mwingine, basi, macho hudanganya kwenye mvua. Na wewe usihuzunike mwanangu, sweta huanguka, ndiyo kazi ya sweta.

Watu wanatuona wanasema ni vizibao na kupiga picha. Mimi nimeshona vile vizibao vyote, najua havina kitu ndani. Chama ni kwamba kuna mtu mmoja, unamjua kwa sura, ambaye kazi yake ni kugeuka akutazame kama umefika. Mtu mzima nani mwingine anamgeukia? Nataka kijana yule ageukiwe. Mlete.

Sweta lipo dukani kwangu, nimelifua.

Shangazi yako wa cherehani


Ijumaa, tarehe 8 mwezi wa tatu

Shangazi Katibu,

Shikamoo. Nimepita dukani ukiwa umeenda sokoni, msaidizi wako kanipa sweta. Ahsante kwa kulifua. Halinitoshi tena mikono.

Naomba kuuliza swali, halihusu mtu yeyote. Abiria wa nyuma akisema ameona taa, na kumbe hakuona, katiba inasemaje?

Kimya


(nyuma ya karatasi ya vipimo: kifua 36, mikono 22)
Tarehe 9

Marahaba mwanangu. Katiba inasema abiria si kigingi. Aliyeshika usukani ndiye anayetazama, kwa macho yake mwenyewe. Maneno ya abiria hayahesabiki.

Kwa nini unauliza?

Shangazi


Jumatatu, tarehe 11 mwezi wa tatu

Kaka,

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, imekunjwa mara tatu, ya tarehe 3 mwezi wa pili. Isome hiyo kwanza, halafu urudi hapa.

Umeisoma?

Kuna kilichoongezeka tangu niiandike. Sweta nililokuwa nalitafuta siku ile, alikuwa nalo baba. Alisimama kuliokota. Shangazi Katibu alilikuta kifuani kwake na akatuficha. Kwa hiyo nilimchelewesha kwa sweta, halafu nikasema nimemwona. Nimejaribu kuliandika lionekane dogo, halikubali.

Shangazi anasema abiria hahesabiki. Nilipolisoma hilo nilipumua, nakwambia kweli, nikaenda nikala ubwabwa sahani mbili. Kisha nikakukumbuka wewe uko huko na sponji kwenye nywele, umeachiwa lote, kwa sababu mimi sihesabiki.

Usisaini. Kikao ni tarehe 14 mwezi wa nne, saa nne asubuhi. Njoo useme, "Mdogo wangu aliniambia amemwona." Ni kweli tupu, wala hutaongeza chumvi. Nitasimama karibu yako. Sitaongea, unanijua, lakini nitasimama, na wakinitazama watakuwa wameelewa.

Mimi mdogo wako, kama bado unakubali niwe,
Kimya


Alhamisi, tarehe 28 mwezi wa tatu

Kaka,

Umeipata? Mlinzi hajaifanya alama ya kurasa?

Leo nilimsindikiza mama kliniki, zamu ilikuwa ya Shangazi Katibu mwenyewe. Njia nzima nilikuwa upande wa pili wa pikipiki, tumeiweka katikati kama jeneza, na mimi nikitafuta neno la kuanzia. Tulipofika kwenye mwinuko mama akasimama kupumua. Akasema bila kumtazama mtu, "Kule kwao magodoro, anakula?" Ni mara ya kwanza, Kaka. Shangazi akajifanya anakagua breki. Mimi nikasema, "Anakula." Sijui kama unakula.

Jumapili ni mwisho wa mwezi wao. Hata kama umenichukia, andika hilo neno moja.

Kimya


Jumanne, tarehe 2 mwezi wa nne

Kimya,

Nakula. Mwambie nakula.

Barua yako ilinifikia tarehe 16. Niliisomea kwenye stoo ya sponji, ndipo mahali pekee kiwandani pasipo na kelele, sponji humeza sauti yote. Nilikawia kukujibu si kwa kuwa nimekuchukia. Nitakuambia kwa nini na utanipunguzia heshima, haidhuru.

Siku mbili za kwanza nilifurahi. Nilitembea napiga mluzi. Msimamizi wangu akauliza kama nimepata mchumba. Mtu wa miaka ishirini na sita, nafurahi kwa sababu mdogo wangu wa miaka kumi na mitano siku ile alikuwa na aibu ya suruali yake. Nilijisemea, kumbe ni yeye, kumbe si mimi. Siku ya tatu nilikuwa nanawa uso, nikajitazama, na mluzi ukakatika wenyewe.

Kimya, pikipiki yangu ina vioo viwili. Siku ile pale njia panda nilikifuta cha kulia kwa kidole gumba na nikatazama. Barabara ilikuwa tupu mpaka juu ya kilima. Hakukuwa na taa yoyote, si ya baba, si ya mwingine. Nilijua hujamwona, maana hakukuwa na wa kuonwa. Nilikuuliza kwa sababu nilitaka mtu aseme ndiyo.

Unakumbuka kituo cha mafuta? Ulikuwa umekwenda kununua maji. Baba aliinama kwenye pikipiki yangu mbele ya watu wote, akanyanyua mnyororo kwa kidole, akasema, "Jamani tazameni, mwanangu kavaa mkufu." Walicheka mpaka Mwashi akashika tangi. Akaukaza pale pale, mimi nimesimama pembeni kama mteja. Nilikuwa nimekasirika kama mtoto. Pale kwenye kona nikasema moyoni, leo nitafika mbele yake, nikae, nimngoje mimi na chai mkononi, nimuulize, "Mzee, vipi, mnyororo?" Nilitaka kufanya utani huo. Hayo ndiyo yaliyotuondoa pale, si suruali yako.

Kwenye kikao cha kwanza nilisema niliona taa nikadhani ni yake. Wakanihurumia, wakaandika "kosa la macho." Sikukutaja, na usije ukadhani nilikuwa nakulinda. Ningesema "mtoto aliniambia," Mwashi angeuliza papo hapo, "Na vioo vyako vilikuwa wapi?" Nilikunyamazia kwa faida yangu. Na mama aliposema nilimwacha baba, nilikasirika na yeye, nikaondoka kama mtu aliyeonewa. Yeye alikuwa amesema kweli bila kujua.

Nimesaini. Nataka ujue nilisaini baada ya barua yako, si kabla, usije ukailaumu posta. Nilijaribu kujiona nimesimama pale kwenye uwanja wa karakana, mama yuko kwenye benchi, nikashindwa kuiona miguu yangu. Tunaondoka tarehe 10. Kikao ni 14. Ndiyo, nimehesabu. Naondoka kwenye kona mara ya pili, na safari hii mvua hakuna.

Lakini neno nimelileta. Karatasi ya pili humu ni ya chama, nimeyaandika yote, vioo, mnyororo, uongo wa taa. Mpe Shangazi Katibu aisome kwa sauti. Wakinifuta, wanifute kwa jambo nililofanya. Wewe humo nimekuandika mstari mmoja tu: "Nilikuwa na abiria, mtoto, na nilimtumia." Ukitaka kukaa humo ndani ya mstari huo, kaa. Hakuna atakayekutoa.

Mama asisikie mambo haya uwanjani. Aambiwe kabla, nyumbani, akiwa amekaa. Ilikuwa kazi yangu. Nakuachia wewe, mtu asiyeweza hata kumwita kondakta, na najua nafanya nini.

Kuhusu sweta. Nilikaa nalo kichwani sana hilo. Alilikunja, Kimya. Mtu anayekunja kitu mara nne kwenye mvua hana haraka wala hasira. Alikuwa na siku njema mpaka pale. Hilo tugawane.

Kaka yako


Jumapili, tarehe 14 mwezi wa nne, saa mbili na nusu asubuhi

Kaka,

Sijui hii itakupata kwa anwani gani. Nitampa Shangazi Katibu, anasema madereva wa malori ya ng'ambo anawashonea wote.

Nimekukasirikia. Nimeona nianze na hilo kwa sababu siku tisa nimekuwa nikijaribu kulizunguka. Miezi kumi na mitano nimeogopa kufumba macho, na wewe ulikuwa na kioo. Ungeniandikia mstari mmoja. Halafu usiku wa tatu nikafikiri, na mimi ningekuandikia mstari mmoja. Tulikuwa tumekaa pikipiki moja, kila mtu na uongo wake, na hatukugusana nao. Sasa hivi nina hasira na nimekukumbuka, vyote viwili, na sijui watu wengine hufanyaje.

Nilijaribu kumwambia. Jumanne akichambua mchele, nikasema, "Mama." Akasema, "Eeh." Nikasema, "Chumvi imeisha." Tuna chumvi kilo mbili sasa. Alhamisi njiani na Mwashi nikaanza tena, Mwashi akaelewa kuna jambo, akasukuma pikipiki yake haraka haraka akatutangulia kwenye mwinuko ule, maskini, nusura imwangukie. Nilikuwa na mama peke yangu barabara nzima. Nikasema jua kali.

Ndipo nikajua mdomo wangu hauna njia, tusiuonee. Nilicho nacho ni mkono. Nimekaa tangu alfajiri nikaandika upya yote, yangu na yako, kwa lugha yake yeye, maneno mafupi ambayo hatahitaji kuniuliza. Ya suruali nimeiandika. Ya kioo nimeiandika. Ya chai uliyotaka kumngojea nayo baba nimeiandika mwisho, maana najua hapo ndipo atakapolia, na baada ya hapo pawe patupu alie vizuri. Kwa chama pia nimeongeza ukurasa wangu nyuma ya wako. Katiba inasema sihesabiki. Nimejihesabu. Utakuwa umefutwa au utakuwa hujafutwa, lakini watakapofika kwenye jina lako watakuta tuko wawili.

Nje wameshafika. Wamekuja kutuchukua, kumi na sita, nimewahesabu dirishani. Hakuna aliyepiga honi. Mwashi amezima injini tangu kwenye kona ya duka, nao wengine wakazima, wakazisukuma zote mpaka mlangoni petu, sababu ya mama. Wamesimama tu na helmeti mikononi. Shangazi amewaambia kikao hakianzi bila sisi hata jua likizama.

Kila nikiandika jambo humu chumbani, nikisikia ndala zake ukumbini nafunika karatasi kwa kitabu cha jiografia. Ni kitabu kikubwa, kina ramani zinazokunjuka, kinafunika meza nusu. Sasa hivi nazisikia ndala. Zimetoka jikoni. Zimesimama kidogo, anachungulia wageni dirishani, anasema, "Hawa nao, si wangeingia." Zinakuja huku.

Kitabu kiko karibu na kiwiko changu. Kurasa za mama ziko mezani, nne, nimezipanga, ya kwanza juu.

Amegonga mara moja. Anasema, "Kimya, watu wanatungoja, unaandika nini humo?"

Nimesogea mpaka mwisho wa kitanda ili apate pa kukaa.